Kumtambua na Kumtunza Mtoto Mchanga Aliye Hatarini: Baridi ya Njiani Kwenda Msambweni

Mada kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ya jamii, Kona ya Musa

Waandaaji wameniomba nianze na maana. Nitapita haraka, kwani humu ukumbini hakuna asiyeijua. Mtoto mchanga ni wa siku 0 hadi 28. Aliye hatarini ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au chini ya gramu 2500, au pacha, au aliyechelewa kulia, au ambaye mamake alikuwa na homa, presha, sukari, au chupa ilipasuka mapema. Huku pwani ongezeni malaria ya mimba, ambayo humpunguza mtoto uzito hata kama mama hakulala kitandani siku moja. Dalili mnazo vichwani: amekataa titi, amelegea, ana degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea, mwili una moto au baridi.

Baridi ndiyo iliyonileta.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulipata vifo 22 vya watoto wachanga kwa kila 1000 wanaozaliwa hai. Ule wa 2022 ukapata 21. Kwa muda huohuo vifo vya walio chini ya miaka 5 vilishuka kutoka 52 hadi 41. Huyu wetu wa mwezi wa kwanza tumemwacha palepale.

Usiku mmoja, hospitalini Msambweni, nilimpokea mtoto wa gramu 1600, kaletwa na tuktuk kutoka kituo ambacho sitakitaja. Barua ya rufaa iliandikwa vizuri: uzito, saa ya kuzaliwa, dawa alizopewa. Mtoto alikuwa ndani ya taulo, shali na leso, kama mzigo wa safari. Nikafungua. Leso ya ndani kabisa ilikuwa mbichi, ndiyo ileile aliyopanguswa alipozaliwa. Kofia hana. Nyayo baridi, tumbo baridi. Kipimajoto kikasoma 34.1, na kwenye barua nafasi ya joto ilikuwa tupu. Mtoto alipakatwa na nyanyake. Mama alikaa kando, kifua chake chenye moto hakina kazi.

Nguo hazitoi joto, huhifadhi lililopo. Mtoto wa gramu 1600 ana ngozi nyembamba na hajaweka mafuta ya kuchoma, kwa hiyo anatumia sukari na oksijeni yake kujipasha. Akifika wodini tunahangaika na sukari iliyoshuka na pumzi inayokatika, na kwenye faili tunaandika "kazaliwa kabla ya siku zake". Safari haiandikwi.

Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, madaktari Edgar Rey na Héctor Martínez walianza kuwafunga watoto hawa vifuani mwa mama zao, kwa kuwa mashine za joto hazikutosha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri mbinu hii, iitwayo kangaruu, ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, bila kungoja mtoto atulie kwanza. Wanaotolewa ni asiyeweza kupumua mwenyewe baada ya kusaidiwa, aliye katika mshtuko, na anayehitaji mashine ya kupumulia.

Nikiuliza kwa nini mtoto hakufungwa kifuani, naambiwa mama amechoka, au ataona haya mbele ya dereva. Basi leso si huja doti? Moja imfunge mtoto kifuani, ya pili iwafunike wote wawili, na buibui juu yake. Dereva ataona nini?

Nisemayo ni maoni yangu ya kitaalamu, si msimamo wa idara. Lakini kila robo mwaka naandika sentensi hiyohiyo ya "kazaliwa kabla ya siku zake" kwenye ripoti, na nimechoka kuisoma.

Napendekeza leso mbichi itolewe mara moja na mtoto avikwe kofia. Joto lipimwe kabla ya kuondoka na liandikwe. Barua isiyo na joto irudishwe mezani. Lengo ni 36.5 hadi 37.5. Pasipo kipimajoto, tumieni mkono: nyayo baridi na tumbo moto, ameanza kupoa; vyote baridi, ni dharura. Mtoto asiogeshwe kabla ya saa 24, hata bibi akinuna. Simu ipigwe hospitali ya Msambweni kabla ya gari kuwashwa. Asafiri kifuani mwa mama. Mama akiwa hajiwezi, kifuani mwa baba au nyanya. Wahudumu wa afya ya jamii wawatembelee waliorudi nyumbani na wahakikishe bado wanabebwa kifuani, maana tumezoea kusikia kwamba wa miezi saba huishi na wa minane haishi, na wa minane akaachwa mkekani. Kaunti itenge fungu la vipimajoto na kofia, vitu vya bei ndogo. Na joto liandikwe. Najua nimelisema.

Leso na wanasesere wako meza ya nyuma. Tukae wawiliwawili, akina baba pia, tuanze kufunga.