Kisha filme, tunabaki na nini?

Maneno yetu mbele ya wazazi na vijana wa Salamabila



Tunajua kuna wenye kurudi mbali kwa miguu, hatutawashika sana.

Jumamosi iliyopita tulitandika shuka nyeupe ukutani, tukaazima jenereta, tukaonyesha watoto wa shule filme moja ya Marekani ya mwaka 2006, jina lake Take the Lead. Antonio Banderas anacheza pale mwalimu Pierre Dulaine, mwenye anaingia katika shule moja ya New York kufundisha vijana waliopewa adhabu dansi za watu wawili-wawili: tango, valsi na zingine. Mwanzo wanamucheka. Mwisho wanaenda kwenye mashindano.

Tangu siku ile maneno ni mengi. Wamoja wanasema tunafundisha watoto uzinzi. Wengine wanasema watu wanalia vita na njaa, hawa wanaleta dansi. Tumekuja kujibu sisi wenyewe, maana mambo kama haya hayaishi vizuri kwa WhatsApp.

Tuanze na wazazi wenye kuogopa. Katika ile filme pia wazazi wanakasirika. Mwalimu hapigi kelele. Anamuomba directrice wa shule acheze naye pale pale mbele yao, kisha anawaeleza: mwanamke akikubali kuongozwa katika dansi, ni kwa sababu anaamini, na kijana anajifunza namna ya kumugusa mtu kwa heshima. Hapa kwetu, ni nani anamufundisha kijana kumuomba msichana kwanza, na kukubali akisema hapana? Sisi tulisoma miaka mingi, hakuna mwalimu aliyetufundisha hilo.

Na tusiseme ni mambo ya wazungu tu. Mwaka 1960, wakati wa Table Ronde kule Bruxelles, Grand Kallé na African Jazz waliimba uhuru wetu kwa mapigo ya cha-cha. Na rumba yetu, dansi ya watu wawili, UNESCO iliiandika katika urithi wa dunia mwezi wa 12 mwaka 2021. Waulizeni wazee wenu walicheza nini siku za arusi.

Lakini mzazi mwenye dini yake inakataza mvulana na msichana kushikana mikono, ana haki. Hatutamulazimisha mtoto wake. Kuna ngoma zetu za kucheza kwa mstari bila kugusana, nazo tutafundisha. Masheikh na mapasta, tunawaomba mutushauri kabla ya kutuhukumu.

Sasa jambo la vita na njaa. Ni kweli. Na ni kwa sababu hiyo tunaongea. Mtoto wa miaka 14 hapa Salamabila, akiacha masomo, kuna mahali pawili pa kumupokea siku ile ile bila kumuuliza karatasi: kwenye mashimo ya zahabu, na kwenye kundi lenye bunduki. Sisi tuko na mahali gani pa kumupokea?

Kisha filme, mtoto mmoja aliuliza: yule mwalimu analipwa na nani? Watu walicheka. Ni swali kubwa. Dulaine ni mtu wa kweli, na alipoanza mwaka 1994 alijitolea, bila mshahara. Tena hakuanza na vijana wakubwa wa adhabu, wenye filme ndio walibadilisha. Kazi yake ilikuwa hasa na watoto wa shule ya msingi, wa miaka 10 au 11 hivi, na kazi ile ikawa programu ya Dancing Classrooms, yenye imeendelea miaka na miaka. Alizaliwa Jaffa, familia yake ikakimbia mwaka 1948. Akiwa mzee alirudi kule kufundisha watoto Wayahudi na watoto Wapalestina wacheze pamoja, na filme ya Dancing in Jaffa ya mwaka 2013 inaonyesha hata kushikana mkono ilivyokuwa shida. Filme ya Banderas inamaliza yote kwa saa mbili. Kazi yenyewe inataka mtu mwenye kurudi kila wiki.

Msichana mmoja naye alituuliza: nyinyi wenye kumaliza iniversite, mbona munakaa tu? Pale tulinyamaza. Diplome zetu ziko ndani ya sanduku, na kazi hatuna. Hatuwezi kuwadanganya watoto eti ukijikaza kama wale wa filme, kila kitu kitanyooka. Sisi tulijikaza.

Yenye tunaweza kuahidi ni hii. Kila Jumamosi, saa tisa ya mchana, kwa miezi mitatu, watu watatu kati yetu watakuwa pale kwa watoto wa miaka 12 mpaka 17. Ni bure. Majina yataandikwa, mlango utakuwa wazi, mzazi anaweza kukaa na kuangalia, na watoto watarudi nyumbani kabla ya giza. Tukikosa mara mbili, mukuje mutuulize mbele ya watu wote.

Na kwa wakubwa tunasema hivi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinawapa jukumu la kulinda vijana, afya yao, masomo yao na kukua kwao. Kodi ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema asilimia 15 ya redevance ya migodi ni ya antite ya mahali pale migodi iko. Tunaomba mubandike ukutani, kwa Kiswahili: ni franka ngapi ziliingia, na zilifanya nini. Chumba kimoja chenye bati na sima tulikiomba mara mbili kwa barua. Mpaka leo hakuna jibu. Tutaandika ya tatu, na tunaomba wazazi mutie sahihi pamoja nasi.

Chumba kikikosekana, tutachezea uwanjani, na mvua ikinyesha tutajificha chini ya baraza ya mtu. Lakini Jumamosi, saa tisa, tutakuwa pale. Leteni watoto.