Mkonge Hunakiliwa, Mtu Huzaliwa

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Tanga.)



Nimeombwa nizungumze juu ya suala la kunakili binadamu, yaani kumfanya mtu kutokana na seli ya mtu mmoja tu, pasipo mbegu ya baba kukutana na yai la mama. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, nasi tunayo ya kwetu yanayotutosha. Mimi nasema Tanga inalo la kusema katika suala hili, kwani mkoa huu umeishi kwa nakala zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hapa ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkulima wa mkonge hapandi mbegu. Mmea ukikomaa hutoa mlingoti, na juu ya mlingoti huchipua miche midogo mingi, kila mmoja nakala kamili ya mama yake. Kwa njia hiyo zao hili lilienea hata mwaka 1964 nchi yetu ikatoa tani zipatazo 230,000 za singa. Wataalamu wa Mlingano, wilayani Muheza, walizalisha mkonge chotara namba 11648, ambao nao ukasambazwa kwa nakala. Ukaja ugonjwa wa madoa ya majani unaoitwa kwa jina la Korogwe. Ugonjwa huo uliupata mkonge chotara kama mwizi aliyekuta nyumba zote zina kufuli la aina moja.

Lakini mashamba hayo yana historia nyingine. Nani aliyekata mkonge ule? Ni manamba, vijana walioletwa kutoka bara. Kila mmoja alipewa namba, na kipande chake kilihesabu siku 30 za kazi. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwakusanya watu hao, SILABU. Kijana alikuwa na jina, ukoo na mama aliyemlilia. Shambani alikuwa mikono miwili iliyoletwa kwa ajili ya kazi fulani.

Ndugu zangu, hilo ndilo kosa ninalolihofia katika kunakili binadamu. Tarehe 5 Julai 1996 alizaliwa huko Scotland kondoo Dolly, nakala ya kondoo mwingine. Mwaka 2018 wanasayansi wa China walitangaza kuzaliwa kwa tumbili wawili kwa njia kama hiyo. Binadamu aliyethibitishwa kuzaliwa hivyo hajapatikana. Wanaotamani apatikane wanasema atachukua nafasi ya mtoto aliyekufa, au atawafariji wasiojaliwa kuzaa, au atatoa kiungo cha kumponya mgonjwa. Katika yote hayo kazi inatangulia, mtu anafuata. Huyo ni manamba aliyeandikishwa kabla ya kuzaliwa.

Nitajibiwa kwamba hata wazazi wetu walituzaa kwa matumaini yao: tusaidie shamba, turithi jina. Ni kweli. Hata hivyo kila mtoto huja na lake. Babaye alitaka mvuvi, akapata mwalimu. Mtoto wa nakala angekuta maisha yake yamekwisha kuishiwa na mwingine, na kila siku angepimwa kwa kipimo hicho. Wala sidharau uchungu wa mama anayeitwa tasa. Mama huyo anastahili tiba na heshima. Lakini tukumbuke kwamba Dolly alipatikana mmoja tu katika majaribio 277. Kwa binadamu, mayai hayo yangetoka kwa nani, na mimba zinazoharibika zingebebwa na nani? Hapana shaka ni wanawake maskini.

Sasa tuitazame sheria. Uingereza ilipiga marufuku kuzalisha nakala ya mtu mwaka 2001, ingawa iliruhusu utafiti wa viinitete maabara kwa kibali. Hapo ndipo mataifa yalipogawanyika: tarehe 8 Machi 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha tamko la kupinga kunakili binadamu kwa kura 84 dhidi ya 34, na nchi 37 hazikuelemea upande wowote. Wengi wa waliolikataa hawakutaka watu wa nakala. Walitaka mlango wa utafiti wa tiba ubaki wazi. Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Jeddah mwaka 1997 waliliharamisha jambo hili, wakihofia nasaba, na Kanisa Katoliki lilikwisha kulipinga mwaka 1987.

Hofu ya nasaba si ya dini peke yake. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa damu. Mtoto wa nakala angemwita nani baba? Aliyetoa seli kwa damu ni kama pacha wake. Na siku ya mirathi, angesimama mbele ya hakimu kama mwana au kama ndugu?

Kwa hiyo yafaa sheria yetu iwe wazi katika mambo matatu. Kwanza, nakala ya binadamu isipandikizwe katika tumbo la mwanamke. Pili, mayai na matumbo ya wanawake yasiwe bidhaa. Tatu, na hili ni kubwa, ikiwa mtoto wa namna hiyo atazaliwa popote, adhabu imwangukie aliyemfanya, si mtoto. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa. Haikuuliza walizaliwaje.

Ndugu walimu, wapelekeni vijana wakautazame mlingoti wa mkonge, muwafundishe elimu ya nakala. Kisha waonyesheni kambi za zamani za manamba, muwafundishe elimu ya utu. Elimu ya kwanza pasipo ya pili ni hatari.