Hotuba kwa Watu wa Tanga Waishio Uingereza, Juu ya Ada za Maisha na Siha ya Mwili na Nafsi



Wakubwa wa jumuiya wamenipa wasaa wa kusema juu ya siha, na kwa kuwa mimi ni muuguzi wala si mwanachuoni, nitasema yale niyaonayo wodini na majumbani mwenu, pamoja na machache ambayo wataalamu wameyahakikisha kwa vipimo. Na mkiniona naingilia mambo ya jikoni kwenu nistahimilini, maana jikoni ndiko yanakoanzia mengi tunayokuja kuyalilia hospitalini.

Nyumbani kwetu ni Amani, katika Usambara ya Mashariki, mahali ambapo Wadachi waliweka taasisi yao ya mimea na kilimo mwaka 1902, Waingereza wakairithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye pakawa makao ya uchunguzi wa malaria, hata leo jina la Amani linachukuliwa na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo Muheza. Mikwinini ilipandwa pale kwa ajili ya dawa ya homa, na wataalamu wa mataifa mengi wamepanda mlima ule kutafuta siri za maradhi. Walakini sijapata kusikia kwamba mmoja wao alisimama kando ya njia akamwandika katika daftari lake mama wa Kisambaa aliyeshuka mpaka Sigi bondeni asubuhi na kurudi alasiri na kapu kichwani, akiwa amepanda mwinuko wa mita zisizopungua 400, wala hakuna jirani aliyempongeza, kwa kuwa jirani naye alifanya vivyo hivyo juzi. Alikula bada, yaani ugali wa muhogo, kwa kisamvu, au magimbi, au ndizi za kuchemsha na maharage, akalala jua lilipozama kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa ghali, akaamka jogoo alipowika. Nyama aliiona siku ya Idi au ya Krismasi, na pilau aliila penye shughuli.

Sitaki mdhani kwamba nawasifia ufukara. Watoto walikufa kwa homa katika milima ile ile, wajawazito walibebwa kwa machela kuteremshwa Muheza, na wengi wetu tuliondoka kwa sababu tulikuwa na haki ya kuondoka. Nisemalo ni kwamba siha tuliyokuwa nayo haikuwa fadhila yetu. Ilikuwa imeshonwa ndani ya njia, ndani ya giza la usiku na ndani ya bei ya nyama, nasi tulipohama tukachukua chakula cha arusi na kuacha nyuma njia ya kuendea arusini.

Jambo hili limepimwa, tena kwetu Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1980 madaktari waliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990: katika muda wa miezi tu tangu kufika mjini, presha ya wahamiaji ilikuwa imepanda, uzito wao umezidi, na mkojo wao ukionyesha chumvi nyingi zaidi na madini ya potasiamu, yale yapatikanayo katika ndizi, maharage na mboga za majani, yamepungua. Wenzao wengine walifanya kazi kama hiyo kwa watu waliotoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakaona kwamba katika mwaka mmoja kazi za kutumia nguvu zilipungua sana na uzito ukaongezeka. Na ikiwa safari ya kutoka Morogoro, ambayo ni mwendo wa saa chache kwa basi, imefanya hivyo, seuze safari ya ndege kuja huku? Waghana waliopimwa kijijini kwao, katika miji yao, na katika Amsterdam, Berlin na London, walitoa jibu mwaka 2016: miongoni mwa wanawake wa kijijini hakufika mmoja katika kumi aliyekuwa na unene wa kupindukia, ilhali wale wa London walizidi nusu. Damu ni ile ile.

Basi tuitazame meza yetu wenyewe, hii iliyofunikwa kwa vitambaa nyuma yenu, ambayo harufu yake imekwisha kuwatoa baadhi yenu katika maneno yangu. Kuna sambusa, kuna pilau ya nyama, kuna kuku wa kukaanga, kuna maandazi na mbaazi za nazi, na chini ya meza makreti ya soda. Siwalaumu waliopika, Mungu awazidishie. Mimi mwenyewe nitakula. Lakini sote tunajua kwamba chakula hiki hakisubiri tena shughuli, kwamba majumbani mwetu ni cha Jumamosi kwa Jumamosi, na viporo vyake huingia Jumatatu, na kwamba kikombe cha chai cha mtu wa pwani kingali kinapokea vijiko vitatu vya sukari mara nne kwa siku, ingawa anayekinywa hana tena mlima wa kupanda ili kuitumia sukari ile. Msuli unaotembea huivuta sukari kutoka katika damu. Msuli uliokaa kwenye kochi huiacha humo, na kongosho hulazimika kufanya kazi ya wawili mpaka lichoke. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate, katika vidonge vya mchuzi na katika vyakula vya paketi. Nami nimeona vidonge vitatu vya mchuzi vikitiwa katika sufuria moja ambayo tayari ilikuwa na chumvi yake. Juu ya sigara na pombe sisemi kitu, kwa kuwa kila mwenye navyo anajua.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi sana katika mikutano yetu, nalo ni usingizi. Wengi mlio humu ni walezi katika nyumba za wazee, wauguzi, madereva, watu wa maghala, na kazi yenu ni ya usiku. Mtazameni mmoja wenu: anatoka kazini saa mbili asubuhi, anapanda basi akisinzia, anafika nyumbani, anakunywa chai na slesi nne za mkate, anavuta pazia ambalo halizuii mwanga, na mara tu kope zinapokutana simu inalia, kwa kuwa majira haya ya baridi Tanga ni saa sita mchana na ndugu ameona huo ndio wakati mzuri wa kueleza habari za ada ya shule. Akizima simu ataambiwa Ulaya imempa kiburi. Analala kwa muda wa saa tatu, anaamka kuwapokea watoto, na jioni anarudi kazini. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, ambayo hufuata mwanga na giza, na mtu akipingana nayo mwaka hata mwaka, sukari na presha huharibika, na moyo wake huwa mzito bila sababu aijuayo. Wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, ukarudia hukumu hiyo mwaka 2019. Sisemi mwache kazi, maana kodi ya nyumba haingoji. Nasema nunueni pazia zito, kuleni mlo mkubwa kabla ya kuingia zamu badala ya saa tisa ya usiku, na waandikieni ndugu saa ambazo simu yenu itazimwa, nao watazoea, kama walivyozoea kwamba hamfiki tena kwenye kila msiba.

Nafsi nayo ina maradhi yake. Kule Ngamiani mjini Tanga, tuseme Barabara ya Nane, mzee akikosekana barazani siku mbili, hata muuza kahawa huuliza. Huku mtu anaweza kukaa wiki nzima ndani ya flati yake asiulizwe ila na mwenye nyumba. Mtu akikosa usingizi, akakosa hamu ya chakula na ya ibada, akayaona mambo yote hayana maana kwa muda wa wiki mbili na zaidi, hiyo yaelekea kuwa sonona, nayo ina tiba. Wako wanaosema ni jini, wako wanaosema imani yake imepungua. Mimi nasema dua ni haki na daktari ni haki, na anayemzuia mgonjwa asiende kwa mmoja wao amemdhulumu. Hapa Uingereza mtu mzima anaweza kujiandikisha mwenyewe kwa tiba ya mazungumzo bila kupitia kwa daktari wake, tena bila malipo, na akihitaji mkalimani ana haki ya kumwomba.

Na jua, ambalo kwetu tulilikimbia chini ya miembe, huku limekuwa dawa. Tangu Oktoba mpaka mwisho wa Machi halina nguvu ya kutosha kuutengenezea mwili vitamini D, na kwa ngozi nyeusi, na kwa mama zetu wanaojisitiri, upungufu ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana watu kama sisi tunashauriwa kumeza kidonge cha maikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Kinauzwa kwa bei ndogo katika kila duka la dawa.

Sitarefusha. Mkifika nyumbani chukueni uzi, mpime kimo chenu kuanzia kisigino mpaka utosi, mkaukunje nusu kwa nusu, kisha mzungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, fanyeni miadi na daktari wiki hii, na wenye umri kati ya miaka 40 na 74 muulizie ule uchunguzi wa afya utolewao bure kila miaka mitano katika Uingereza hii, ambao wengi wenu mmepelekewa barua yake mkaiweka juu ya friji. Pale mlangoni wauguzi wenzangu wawili wamekaa na mashine za kupimia presha. Nawaombeni mpite kwao kabla ya pilau, wala si baada yake, na wanaume watangulie, kwa kuwa wao ndio wanaotoroka.