Hata Fedha Huzoeleka



Hapa Kyela, mito ya Songwe na Kiwira ikifurika, kuhara hakukawii. Tunakimbilia duka la dawa, tunanunua vidonge vinne vya kuua bakteria, tukipata nafuu tunaacha. Bakteria sugu wanaosalia huzaana.

Sasa wataalamu wanajaribu chembechembe za madini ya fedha, ndogo kuliko bakteria mwenyewe, ambazo huharibu utando wake. Tufurahi, lakini tusijidanganye. Mwaka 1975 ilitangazwa kwamba huko Boston, Marekani, wagonjwa walioungua moto wamekutwa na bakteria wasiouawa na dawa ya fedha.

Vijana, hakuna dawa inayoshinda uzembe. Chemsheni maji, tumieni vyoo, mezeni dawa kama mlivyoandikiwa na mganga.