Kinachonukia kwenye Bangi, Kinachonukia Kinole



Nimepewa kuzungumzia harufu za bangi, ladha zake na athari zake. Niseme mapema kwamba Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kuulima, kuumiliki na kuuuza mmea huu, na sikuja hapa kumfundisha mtu kilimo chake. Nimekuja kwa sababu karibu kila kinachonukia kwenye bangi kinalimwa kihalali katika miteremko ya Uluguru, na elimu ya harufu hiyo ina faida zaidi kwa mkulima wa pilipili manga kuliko kwa mvutaji.

Bangi haikuja Morogoro jana. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita Zungomero mwaka 1857, katika nchi ya Wakutu chini ya milima hii, aliikuta ikijiotea pamoja na mnanaha, na akalitaja jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1860. Siku hizi mkoa wetu husikika Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapotangaza mashamba yaliyofyekwa na kuchomwa. Harufu yake kila mtu anaijua, hata yule ambaye hajawahi kuishika. Lakini anachonusa ni nini hasa?

Hanusi kilevi. Kinacholewesha ni tetrahidrokanabinoli, ile inayoitwa THC kwa kifupi, ambayo Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga na kueleza umbo lake mwaka 1964 huko Israeli. Ikisafishwa vizuri, haina harufu ya kutajika. Harufu inatoka kwa terpini, kemikali nyepesi zinazopeperuka hewani zenyewe. Terpini na THC hutengenezwa mahali pamoja, ndani ya vinyweleo vyenye vichwa vya utomvu vinavyofunika maua jike, tena THC na terpini nyepesi zaidi huanzia kwenye malighafi moja yenye kaboni 10, geranili daifosfati. Mmea ukiipeleka huku unapata limonini au mirsini. Ukiipeleka kule unapata kanabinoidi. Zinakaa katika tone moja la utomvu, lakini kiasi cha terpini hakikuambii kiasi cha THC. Anayenusa jani na kusema "hili ni kali" anabahatisha tu, hata kama ameifanya kazi hiyo miaka mingi.

Sasa tuzipande ladha hizi mlimani. Mirsini, ambayo mara nyingi ndiyo nyingi kuliko zote kwenye bangi, ina harufu ya udongo na matunda yaliyoiva sana, na mnaipata kwenye embe na kwenye mchaichai uliopandwa kuzuia mmomonyoko kando ya matuta. Limonini ndiyo inayorukia macho mnapomenya chungwa. Pineni imo kwenye utomvu wa misindano, na imo pia kwenye pilipili manga. Linaloli inanukia maua, nayo ndiyo nguzo ya mbegu za giligilani. Kisha kuna kariofilini, ya Kinole, kule Uluguru, hasa: imo kwenye karafuu, ambako eujenoli huifunika, na imo kwa wingi kwenye pilipili manga, ambako ndiyo hutoa ule unukaji mkavu wa mti. Msiichanganye na kuwasha. Kuwasha kwa pilipili manga kunatokana na piperini, ambayo haipeperuki kwa urahisi. Ndiyo maana pilipili iliyokaa sana huwasha kama kawaida ilhali harufu imekwisha.

Terpini hazielezi kila kitu. Kwa miaka mingi watu walizisingizia ule uvundo mkali wa bangi, wa kicheche aliyechokozwa, mpaka watafiti wa Marekani walipoonesha mwaka 2021 kwamba unatokana na kemikali chache za salfa, mojawapo ikiwa ndiyo ile ile inayoharibu bia iliyoachwa juani. Kiasi chake ni kidogo mno, ila pua ya binadamu ni hodari kwa salfa. Maumbile yake yana undugu na yale ya kitunguu saumu, zao jingine la milima yetu.

Kuhusu athari, inabidi twende polepole, maana hapa ndipo biashara ya bangi ya nchi za nje inaposema mengi kuliko sayansi. Kilicho imara ni hiki: mwaka 2008 Jürg Gertsch na wenzake walionesha kwamba kariofilini hushika kipokezi cha CB2, kimojawapo cha vipokezi viwili vinavyopokea THC, na kwamba panya waliolishwa kariofilini walipungua uvimbe. CB2 iko zaidi kwenye seli za kinga. Ulevi unapita CB1, iliyojaa kwenye ubongo, na kariofilini haiigusi. Ndiyo sababu hakuna aliyewahi kulewa pilau.

Zaidi ya hapo mambo yanapwaya. Ethan Russo aliandika mwaka 2011 kwamba terpini huenda zinashirikiana na kanabinoidi, moja ikituliza na nyingine ikichangamsha, na katika nchi zilizoruhusu bangi wauzaji wameifanya "huenda" hiyo kuwa lebo ya dukani. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, waliweka terpini sita pamoja na THC kwenye seli zenye CB1 na CB2. Hakuna hata moja iliyobadili utendaji wa THC. Upande wa pili, mwaka 2024 Johns Hopkins waliwapa watu wazima 20 mvuke wa THC pamoja na limonini safi iliyopimwa, na wasiwasi unaoletwa na THC ukapungua. Ni matokeo mazuri, ya watu 20, kwa terpini moja na athari moja. Kijana anayeambiwa ale embe kwanza ndipo avute, ili alewe haraka, anauziwa uvumi.

Kama kuna mji wenye haki ya kuzungumza juu ya harufu ni huu. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO wako pale Chuo Kikuu cha Sokoine wakifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, makohozi yenye kifua kikuu. Magawa, mmoja wa panya hao aliyezaliwa hapa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliofanywa papa hapa, panya wakitambua magamba ya kakakuona, pembe za ndovu na za faru, na mpingo, hata vilipofichwa pamoja na kahawa, sabuni ya unga na nyaya za umeme. Nawaomba mlipime jambo hilo kwa mada yetu. Mwaka 1973 ilipendekezwa kwamba mbwa wa polisi huitambua bangi kwa kariofilini oksidi, kemikali iliyomo pia kwenye karafuu. Ingekuwa kemikali moja inatosha, mbwa angebwekea kila gunia linaloteremshwa Soko la Chifu Kingalu. Mnyama aliyefundishwa vizuri hujifunza mchanganyiko na uwiano wake, na mkulima mzoefu wa Kinole anapotofautisha karafuu mbili akiwa amefumba macho anafanya vivyo hivyo.

Uwiano huo ndio tunaoupoteza baada ya mavuno. Mwaka 1996 Samir Ross na Mahmoud ElSohly wa Chuo Kikuu cha Mississippi walipima mafuta ya bangi ikiwa mbichi na ikikaushwa. Ndani ya wiki moja karibu theluthi ya mafuta ilikuwa imeondoka, na baada ya miezi mitatu zaidi ya nusu. Zilizotangulia kuondoka ni terpini nyepesi za kaboni 10, jamii ya mirsini na limonini; nzito za kaboni 15, kama kariofilini, zilibaki nyuma. Terpini za pilipili manga zinafuata kanuni hiyo hiyo. Pilipili iliyoanikwa kwenye lami, ikahifadhiwa kwenye gunia wazi chini ya bati, inafika sokoni na uzito wake na muwasho wake, imebakiwa na harufu nzito peke yake. Mnunuzi analipa kwa kilo, hivyo mkulima haoni hasara. Anayeiona ni msagaji wa Dar es Salaam, ambaye msimu ujao atapunguza bei bila kueleza kwa nini.

Napendekeza, basi, tuanze na jambo dogo. Mtungi wa kuchemshia, kipoozeo na bomba lenye alama za ujazo vinatosha kupima mafuta ya sampuli moja kwa saa chache, na maabara za hapa mjini zinaweza kazi hiyo. Vikundi vya Kinole, Mkuyuni na Matombo vilete sampuli mbili za shamba moja: iliyoanikwa juani, na iliyokaushwa kivulini juu ya kichanja kisha ikafungwa kwenye chombo kisichopitisha hewa. Tofauti ya mafuta iandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo iwe mezani siku wanapokaa na mnunuzi kupanga bei.