Sanduku la Kioo na Safari ya Mimea

Mtu akitaka kupeleka mahindi mbali, huyatia guniani, akashona mdomo, basi. Lakini mche ulio hai haukubali kufungwa hivyo, kwani hunywa maji, huvuta hewa, na hutaka mwanga. Leo nitawaeleza jinsi mtu mmoja alivyovumbua chombo cha kuusafirishia, na mafunzo tuyapatayo humo.

Hapo zamani mimea iliyopakiwa merikebuni ilikufa kwa wingi. Ikiwekwa ngamani, yaani tumboni mwa chombo, ilikosa mwanga; ikiwekwa juu ya sitaha, iliunguzwa na chumvi ya bahari. Maji matamu nayo yalikuwa haba, wala mabaharia hawakupenda kuyamwagia miti hali wao wenyewe wana kiu.

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alitia buu la nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, apate kulitazama likigeuka. Kilichomstaajabisha ni kangaga na unyasi vilivyoota humo, vikaishi karibu miaka 4 bila kutiwa maji. Akachunguza, akaona kwamba mchana unyevu hupanda kama mvuke, hugusa kioo, hugeuka matone, kisha hurudi udongoni. Maji yale yale yalikuwa yakizunguka, kama mvua katika nchi ndogo.

Basi akaamuru yatengenezwe masanduku ya mbao na vioo, yakazibwa barabara. Mwaka 1833 masanduku mawili yalipakiwa juu ya sitaha, na mimea ikafika Sydney, katika Australia, ingali hai. George Loddiges, muuza mimea mashuhuri, alishuhudia kwamba zamani katika mimea 20 aliyoagiza, 19 ilikufa njiani. Sasa katika 20, 19 ilipona. Kwa masanduku hayo Robert Fortune alichukua miche ya chai kutoka Uchina mpaka Bara Hindi, na mwaka 1876 miche ya mpira ilitoka bustani ya Kew ikafika Ceylon, iitwayo sasa Sri Lanka.

Nasi habari hii yatuhusu. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Vilivyopona safarini hata kupandwa Tanganyika ni 62 tu, na kwa hivyo 62 kilimo cha mkonge kikaanza. Fikirini hasara yake, na jinsi kidogo kilivyobaki visife vyote!

Ua lililokatwa lina adui mwingine. Halina mizizi, na joto hulizeesha upesi. Ndiyo sababu mawaridi ya Naivasha hupozwa kwanza, kisha hulazwa katika maboksi ya karatasi ngumu yenye matundu, hewa baridi ipite ndani, ndipo yapelekwe Ulaya kwa ndege. Sanduku la Ward lilizibwa, hili limetobolewa. Na yote mawili ni sawa, kwa kuwa kila fundi alimjua adui wa mzigo wake.

Basi ninyi mchukuao miche kutoka kitaluni, msikimbilie kamba. Ulizeni kwanza: njiani utauawa na nini? Ikiwa ni jua, uwekeeni kivuli. Ikiwa ni ukavu wa mizizi, iacheni na udongo wake, mkaifunge kwa majani mabichi ya mgomba. Gharama yake ni ndogo, na jasho la aliyeotesha halitapotea bure.