Maneno Juu ya Mashua Yenye Mtambo

Wavuvi wetu wa Kunduchi na Msasani waijua sana kalafati: pamba yenye mafuta hushindiliwa kati ya mbao hata maji yasipate njia. Basi watiapo mtambo mpya, hudhani tundu la shafti, hapo tezini, nalo huzibwa vivyo hivyo. Nao ni mafundi kweli! Sivyo. Kamba kuukuu za tundu zitolewe zote, mpya zikatwe pete pete, maungio yao yasikabiliane. Kisha nati zikazwe kidogo kidogo. Shafti izungukapo, tone moja moja lipite, liipoze. Likizuiwa, shafti hupata moto na kulika, na bahari huingia watu wakiwa mbali, kuelekea Mbudya. Kwa hiyo, kabla hatujaibariki mashua yo yote katika Yubilee hii, twaomba ubao wa tezi ufunuliwe, mtambo uwashwe, tulitazame tone.